Mkono Uliochelewa Kushtuka

Mwanangu wa kwanza alipotimiza siku saba tulimnyoa nywele, kama ilivyo desturi yetu Waislamu. Nyumba yetu ya mtaa wa Bilele ilijaa watu tangu asubuhi. Mbuzi alikuwa tayari yuko jikoni, wanawake wameketi mkekani sebuleni, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Muleba kumhudumia binti yake, ndiye aliyempakata mtoto. Mzee mmoja wa msikitini kwetu alikuwa akinyoa taratibu, na mimi nimepiga magoti mbele yao nimeshika kibakuli cha kupokelea nywele.

Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, mfuniko wa sufuria kubwa ukaanguka jikoni. Ulilia kwenye sakafu ya saruji, ukazunguka, ukalia tena. Mtoto akagutuka. Watu wakacheka, mzee akainua wembe juu akasema, "Bismillah, huyu ana masikio mazuri."

Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu mno, nikaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mkono wa kulia wa mwanangu uliruka, vidole vikatanuka vyote, kisha ukarudi kifuani polepole kama unamkumbatia mtu. Mkono wa kushoto haukwenda popote. Ulibaki umelala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma.

Nilidhani labda nguo imeubana. Nikanyoosha kidole, nikalivuta shati lake la pamba. Halikuwa limebana.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Nina karakana ndogo pembeni mwa nyumba, natengeneza mageti, madirisha na fremu za milango. Kwa hiyo tangu mke wangu aliporudi kutoka hospitali, mtoto wetu alikuwa akigutuka siku nzima kwa sababu ya nyundo yangu, na mke wangu alikuwa ameshanisema. Nilihamisha kazi ya kugonga nikaipeleka mbali kidogo, chini ya mparachichi, nikabaki na kazi ya kupaka rangi karibu na nyumba. Lakini muda wote huo nilikuwa nasikia tu habari za kugutuka. Sikuwahi kuona kwa macho yangu.

Baada ya wageni kuondoka nikaingia chumbani. Mtoto alikuwa amelazwa chali kitandani. Nikagonganisha viganja mara moja juu yake. Mkono wa kulia ukaruka. Nikasubiri, nikapiga tena.

"Wewe!" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. "Unamfanyia nini mwanangu?"

"Njoo uone."

"Nione nini? Unamtisha mtoto mchanga halafu unaniita nione?"

"Angalia mkono wa kushoto. Nitapiga mara moja tu."

Akaja, akakaa kitandani. Nikagonganisha viganja. Alitazama. Kisha akaushika ule mkono, akauinua, akauachia. Ukaanguka kama wa mtu aliyelala.

"Wakati wa kuzaliwa bega lilikwama," akasema kwa sauti ya chini. "Mkunga aliniambia tuuangalie mkono huu, na kama hauchezi turudi. Mimi nikadhani mtoto bado mchovu, kama mimi nilivyo."

Ni kweli alikuwa mtoto mkubwa. Wakunga walihangaika kumtoa, na walipomtoa salama tulishukuru sote. Hakuna aliyekosea. Mkunga alisema lililopaswa kusemwa, sisi tukalisahau katika furaha na uchovu.

Mama mkwe wangu alisikia mazungumzo yetu akabisha hodi. Kwetu Wahaya mkwe na mama mkwe hawazoeani ovyo, kwa hiyo alisimama kizingitini akamwangalia binti yake alipokuwa akisema nami.

"Waitu," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "mkwe wangu anaangalia mkono. Mimi naangalia huku kushtuka kwenyewe. Tangu nimefika hapa, mtoto anashtuka mlango ukifungwa, anashtuka nikimlaza, anashtuka hata kukiwa kimya. Mtoto wangu wa pili alianza hivihivi. Ilikuwa degedege, na hakupona."

Mke wangu hakuwahi kuniambia habari za ndugu yake huyo. Labda naye alizijua kidogo tu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mama mkwe wangu usoni, na niliona kwamba hakuwa amelala vizuri tangu aje. Alikuwa akimchunga mjukuu wake kama mtu anayechunga moto usisambae.

"Mama," nikasema, "kesho twende hospitali sote watatu. Wewe umuulize daktari la kwako, na mimi nitauliza la kwangu."

Akaitikia kwa kichwa.

Daktari wa watoto tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye mikono mikubwa ambayo aliipasha joto kwa kuisugua kabla ya kumgusa mtoto. Alitusikiliza. Alipapasa mfupa wa mtulinga, upande mmoja na mwingine, akatutuma kwenye picha ya mionzi, na tuliporudi akasema mfupa ni mzima. Kisha akamlaza mtoto kitandani, akaweka kiganja kimoja chini ya kichwa na kingine mgongoni, akamwinua kidogo sana.

"Sasa tazameni," akasema.

Akakiachia kichwa kishuke kidogo tu, kikaangukia kwenye kiganja chake. Mkono wa kulia ukatanuka hewani kisha ukakumbatia. Wa kushoto ukabaki pale pale. Mama mkwe wangu akashika mdomo.

"Mama, usiogope," daktari akamwambia. "Huku kushtuka ndiko tunakokutafuta. Mtoto anayezaliwa bila kushtuka hivi ndiye anayetutia wasiwasi. Huyu anadhani anaanguka, kwa hiyo anarusha mikono ili amshike mama yake. Hajafundishwa na mtu. Amri hiyo inatoka huku chini," akagusa kisogo cha mtoto, "kwenye shina la ubongo. Sehemu ya juu, ile ya kufikiri, bado haijashika kazi."

"Na degedege?" mama mkwe akauliza.

"Yule mwanao alikuwa na homa?"

"Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni."

"Na ulipomshika mikono, kutetemeka kuliacha?"

Mama mkwe alifikiri. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. "Hakukuacha. Nilimshika mpaka mikono ikaniuma."

"Hiyo ndiyo tofauti. Huyu hana homa, na akishtuka ukimkumbatia anatulia. Mkumbatie uone."

Mama mkwe akamchukua mjukuu wake. Daktari akagonga meza. Mtoto akashtuka, bibi akambana kifuani, mtoto akatulia palepale na kuanza kutafuta ziwa. Mama mkwe wangu akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka.

Kuhusu mkono, daktari alituambia kwamba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kupita begani ilivutwa wakati wa kuzaliwa. Amri inatoka kwenye ubongo vizuri, lakini njiani inakwama. Kisha akaweka kidole changu cha shahada kwenye kiganja cha kushoto cha mwanangu. Vidole vile vidogo vikakishika. Vilikuwa na nguvu.

"Unaona? Kiganjani kuko hai. Mishipa haijakatika, imechoka. Mingi ya namna hii hupona yenyewe, ila lazima tuisaidie kwa mazoezi ili viungo visikakamae."

Nilibaki nimeinama pale, kidole changu kikiwa kimeshikwa.

Kwa siku za mwanzo tuliuacha mkono upumzike, umefungwa kwa pini kwenye shati kama tulivyoelekezwa. Halafu tukaanza mazoezi. Kuinua mkono juu ya kichwa taratibu, kuugeuza nje, kukunja kiwiko na kukikunjua, kila baada ya kumbadilisha nepi. Daktari alitufundisha sote watatu mpaka akaridhika. Mikono yangu imejaa makovu ya cheche na ngozi yake ni ngumu kama gome, nikaogopa kumuumiza. Mke wangu akanipaka mafuta ya nazi viganjani, akaniambia, "Shika. Naye ni wako."

Baadaye ikaamuliwa kwamba mke wangu aende na mtoto Muleba kwa mama yake akapumzike. Hata mimi niliona ni vyema, maana nilikuwa na kazi ya mageti ya watu ambayo haiwezi kufanywa kimyakimya. Nikawa napanda gari kila Ijumaa baada ya swala, napita Kemondo nanunua samaki wa kubanikwa, nafika Muleba jua likiwa limeanza kulegea.

Kukaa ukweni si jambo jepesi. Nilikuwa nakaa barazani kama mgeni, nimenyoosha mgongo, nikiangalia kahawa iliyoanikwa. Lakini mazoezi ya mtoto yalitulegeza. Mama mkwe alikuwa akiyafanya huku akiimba Kihaya kwa sauti ndogo, akiuinua ule mkono kila wimbo unapopanda, na ikifika zamu yangu alinisahihisha bila kunitazama: "Mwambie mumeo asikimbilie. Mkono si nati." Siku moja mke wangu alicheka kwanza, mimi nikafuata, na mama mkwe naye akacheka, akageuza uso upande wa kibanja cha migomba tusimwone vizuri.

Ilikuwa Jumamosi moja alasiri. Mvua ilikuwa imetoka upande wa ziwa, migomba inainama, na tulikuwa tumeingia ndani sote. Mtoto alikuwa amelala chali kwenye blanketi katikati ya mkeka. Bati likaanza kupigwa na matone makubwa. Kisha radi ikapiga karibu, ya ghafla, mpaka vikombe kabatini vikagongana.

Mikono miwili ikaruka.

Wa kulia ulikwenda juu wote kama kawaida. Wa kushoto ulichelewa, ukapanda mpaka nusu, ukatetemeka pale hewani, halafu ukaufuata mwenzake kifuani.

Kila mmoja alikuwa anaogopa kwamba ameona peke yake. Kisha mama mkwe akapiga kelele.

"Mwanangu, umeona? Mkwe wangu, umeona?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita moja kwa moja.

"Nimeona, mama. Wallahi nimeona."

Mtoto alikuwa ameanza kulia, mke wangu akamchukua, naye pia analia. Mama mkwe akaenda mlangoni, akaangalia mawingu, akapiga makofi. "Ipige nyingine!" akaiambia mvua. "Ipige nyingine, tumeshindwa kuona vizuri!" Yule yule aliyekuwa akitembea kwa ncha za vidole nyumbani kwangu ili mjukuu asishtuke.

Radi haikurudi karibu. Lakini tangu siku hiyo mkono uliendelea kupanda. Wiki hadi wiki nilikuta umefika juu zaidi, na kulikuwa na Ijumaa moja nilipofika nikakuta mtoto ameuweka mdomoni, ananyonya ngumi yake ya kushoto kwa bidii, mate yanachuruzika mpaka kiwikoni. Nilimtazama muda mrefu. Sidhani kama nimewahi kufurahia mate ya mtu namna ile.

Waliporudi Bilele mtoto alikuwa amenenepa na anacheka. Asubuhi moja nilikuwa karakanani, mke wangu amekaa naye kwenye kigoda nje akiota jua. Kipande cha bomba kikaniponyoka kikagonga vyuma vingine. Niligeuka haraka kumwangalia mwanangu. Hakurusha mikono. Aligeuza kichwa, akatafuta sauti imetoka wapi, akaniona, akakunja uso kama mzee anayesumbuliwa.

"Hakushtuka," nikasema.

"Amekuwa mkubwa," mke wangu akajibu.

Nilikaa juu ya fremu ya dirisha. Sijui kwa nini nilipatwa na huzuni kidogo. Nilikuwa nimekuzoea kule kushtuka. Kwa miezi yote hiyo ndiko kulikuwa kukinipa habari za mwanangu, na sasa kumeondoka bila kuaga.

Tulipokwenda kliniki nilimwambia daktari. Akatabasamu. "Ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya juu ya ubongo imeamka, imeichukua kazi. Zamani alikuwa anadhani anaanguka tu. Sasa akisikia kitu anauliza, ni nini hicho? Kama angeendelea kushtuka vilevile mpaka mwaka, hapo ningekuwa na maneno mengine nawe."

Akamlaza, akakiachia kichwa kishuke kama siku ile ya kwanza. Mtoto hakutanua mikono. Alimkazia daktari macho, kisha akapeleka mkono wa kushoto, akakamata kile kipimo cha kusikilizia moyo kilichoning'inia shingoni mwake, akakivuta.

"Basi, basi, mwanangu, nimekubali," daktari akasema, huku akijaribu kuvifungua vile vidole kimoja kimoja.

Tulipotoka nje mke wangu akampigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Amemkamata daktari? Kwa mkono upi?" mama mkwe akauliza.

"Wa kushoto, mae."

Tukasikia kuku wakilia nyuma yake, na mtu akipasua kuni.

"Basi mleteni," akasema hatimaye. "Na mkwe wangu aje akae siku nyingi, asikimbilie kurudi kwenye vyuma vyake. Nimeshakata mkungu, nitapika leo na kesho."

Tukaenda. Kazi ya mageti nikawaambia wenyewe wasubiri, wakasubiri. Mama mkwe alitupokea njiani, kabla hata hatujafika kwake, akamchukua mjukuu mgongoni mwa mama yake na kumfunga mgongoni mwake mwenyewe. Jioni tulikula ndizi na samaki, mimi nimeketi ndani pamoja nao, na hakuna aliyekumbuka kuniwekea kiti barazani.