Waya Unaokumbuka

Kazi yangu ni kutengeneza vitu ambavyo ukipiga chafya vinapotea. Miaka ile, katika maabara moja ya Dar es Salaam, nilikuwa nahangaika na vali ndogo kuliko punje ya ulezi, ya kupitisha dawa tone kwa tone kwenye mshipa wa mgonjwa. Kilichoifungua ni waya wa nikeli na titani. Waya huo ukishafunzwa umbo ndani ya tanuri, unaweza kuunyoosha utakavyo; ukipata joto, unalirudia umbo lake. Sisi watafiti tunasema unakumbuka. Nililipenda neno hilo mpaka lilipotutia matatani.

Likizo moja nilimpelekea mama kipande chenye urefu wa kidole, nilichokwisha kukifunza kujikunja kama springi ya kalamu. Anaishi kijijini Nanyala, na shamba letu la kahawa haliko mbali na barabara kuu ya Tunduma. Alikinyoosha, akakichovya kwenye chai ya moto, kikajikunja. Alicheka hadi machozi. Kwa miaka mingi alikuwa akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani mjini na hana la kujibu. Sasa alikuwa na jibu la kutia mfukoni.

Nilipoondoka akawaonyesha wanawake wanaosaidiana kuchuma kahawa kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Akawaambia kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, kwamba mwanawe ametengeneza chuma kinachokumbuka. Maabarani neno hilo halina madhara. Lakini kwetu kitu kisicho na pumzi hakikumbuki chenyewe; kuna aliyekituma, na kikikumbuka, kinamkumbuka mtu. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kinakumbuka nini. Waliulizana kinamkumbuka nani.

Haikupita wiki, mjukuu wa jirani yetu akapatwa na degedege. Mwili wake ukajikunja. Mmoja wa waliouona waya akasema, "Si mliona kile chuma kilivyojikunja?" Ikawa imetosha. Mtoto alitibiwa hospitali akapona, lakini zamu ya mama ilipofika hakuja mtu. Kahawa ikaiva, ikaanza kukaukia mtini. Dada yangu akanipigia simu: "Njoo. Mama hasalimiwi tena."

Nilisafiri na hasira mpaka Nanyala. Niliwakasirikia wote, na zaidi bibi yule jirani, ambaye mama ndiye aliyewapokea wajukuu zake wote walipozaliwa. Mama alimwomba aje anisikilize. Akaja na wenzake watatu, wakasimama uani, wakakataa viti. Nikawaeleza nikeli, nikawaeleza titani, nikachora na vijiti mchangani. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, na kadiri nilivyozidi kupandisha sauti ndivyo nilivyozidi kufanana na mbuzi mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa. Niliogopa kumtazama.

Jirani akaningoja nimalize. "Mwanangu, tumekusikia. Mimi nauliza moja tu. Kama kinakumbuka, kusahau kinaweza?"

Kinaweza. Moto ukikikolea kikiwa kimenyooshwa, kinaacha umbo la zamani na kushika jipya. Nikawasha jiko la mkaa na kuupepea mpaka ukawa mwekundu. Nilihitaji mtu wa kushika koleo la upande wa pili. Wale wanne wakarudi nyuma hatua moja. Mama akalishika. Tukauvuta waya juu ya makaa, mimi huku, yeye kule, jasho likimtiririka. Ukapoa. Nikautumbukiza kwenye bilauri ya maji ya moto mbele ya macho yao. Ukatulia chini, mnyoofu, haukujikunja.

"Umesahau," nikasema.

"Umesahau," jirani akaitikia, akaketi. Niliona mabega ya mama yakishuka, nikafurahi kijinga kama niliyeshinda mtihani.

Kesho yake walikuja kuchuma wote. Walizungumza, hata waliimba kidogo. Saa nne mama akatoa birika na vikombe vyake vya maua, maana sisi tunalima kahawa ila tunakunywa chai. Akamimina, akamwekea kila mmoja chake.

Jirani alisema asante, akafungua kikapu, akatoa chupa ya chai aliyoibeba kutoka kwake. Wa pili akatoa yake. Wote walikuwa nayo. Wakanywa kwa adabu, wakimsifia mama uzuri wa kahawa yake, na vikombe vya maua vikapoa palepale majanini.

Nilitaka kusema neno. Mama akanikonyeza ninyamaze. Walipoinuka kurudi kwenye mistari, akavichukua vikombe kimoja kimoja na kumwaga chai kwenye mashina ya kahawa.

"Waya wako, mwanangu," akasema bila kunitazama, "ulisahau upesi."