Wakati Moto Haiko

Nisikilize bila haraka, nawe utaelewa. Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Mafuriko yalipobeba daraja la mto wetu hapa Uvira, yalibeba pia kebo iliyounganisha kituo chetu cha afya na hospitali ya ng'ambo. Mimi ni fundi wa kituo. Tulifunga visanduku viwili, kimoja juu ya paa letu, kingine juu ya paa lao, na kila kimoja kinamrushia mwenzake mwali mwembamba wa mwangaza. Fikiria tochi inayowaka na kuzimika upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Kwa kuwaka na kuzimika huko, picha nzima inavuka mto kabla hujameza mate. Macho hayauoni mwali wenyewe. Lakini ukizibwa, hata na nguo tu, kila kitu kinasimama.

Chini ya paa letu anakaa mama anayefulia watu vitenge. Kamba yake akiiinua kwa mti wenye panda, nguo zinafika kwenye njia ya mwali. Nilimwendea, nikamweleza vizuri, nikamaliza hivi: "Mama, wakati moto iko, usiinue kamba." Akaitika.

Majuma yakapita. Asubuhi moja mdogo wangu, mimba yake ya miezi saba, aliletwa kituoni akitoka damu. Muuguzi alimpima kwa ekografi, ile mashine inayoonyesha mtoto tumboni. Daktari wa ng'ambo alitaka kuona picha zile zikitembea, ndipo aseme kama tumvushe kwa machela, na mto ulikuwa umejaa, au tumwache. Simu zetu hazikuweza kubeba picha nzito hivyo. Zikaanza kwenda kwa mwali, zikakatika katikati.

Nilipanda paani. Taa ya kisanduku ilikuwa nyekundu, maana yake mwali haufiki ng'ambo. Nikapangusa kioo, nikakaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Muuguzi aliuliza kutoka chini kama bado. Nikamjibu bado kidogo, ingawa sikujua kidogo hicho ni kiasi gani. Nilipochungulia kwenye darubini ya kulengea, sikuiona hospitali. Niliona kitenge cha njano, kikipepea.

Nilishuka mbio nikamwomba yule mama ashushe kamba. Aliishusha palepale, akanitazama kwa mshangao.

"Si weye ulisema wakati moto iko? Leo moto haiko tangu asubuhi, hata taa yangu imezimika."

Mimi nilisema moto nikimaanisha mwangaza wa kisanduku, ambao unakula betri ya jua na hauzimiki umeme ukikatika, mpaka tuuzime wenyewe usiku. Yeye alisikia moto kama sisi sote tunavyosema hapa, yaani umeme wa nyumbani. Majuma yote hayo alikuwa akilishika neno langu, akingoja umeme ukatike ndipo ainue kamba yake.

"Fundi muzima," akasema, "na Kiswahili inakushinda."

Picha zilivuka. Tulisubiri jibu, mimi nikihesabu pumzi za mdogo wangu. Daktari akaandika: msimvushe, alale kwa ubavu wa kushoto, ninakuja mwenyewe. Alizunguka kwa kivuko cha upande wa juu wa mto, akafika ametota hadi kiunoni. Damu ikakoma jioni.

Ukifunga mwali wa namna hii, simama na jirani chini yake, mwombe akueleze kwa maneno yake ni lini anaweza kuinua kamba, na usiondoke mpaka amalize.