Wauza Batiki Waliokubali Kila Kitu

Wuryani alikuwa na miaka arobaini na minne alipojiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya biashara, na mtaani kwao hapa Solo, kisiwani Java, walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Siku za kazi alisimamia ghala la karakana ya batiki. Jumamosi na Jumapili alikaa darasani na vijana wa rika la binti yake, na masomo yote akayafaulu, hata moja halikumrudisha nyuma. Ikabaki tasnifu.

Swali lake lilikuwa la maana. Kwa nini wanawake wauza batiki sokoni, watu wanaoijua biashara kuliko hao wanaoifundisha, hawataki kuuza kwa simu? Akaandika dodoso la maswali ishirini na manne, kila swali na namba zake tano. Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali sana. Wiki sita, kila siku saa ya chakula cha mchana, akazunguka vibanda mia na ishirini. Alipokewa vizuri mno. Alipewa kiti, akapewa chai, akajaziwa karatasi zote bila mtu kununa.

Akazipeleka kwa msimamizi wake, Pak Handoyo; huku kwetu mwanamume wa heshima huitwa Pak, na mwanamke Bu. Ijumaa moja ya Mei akaitwa ofisini.

"Bu Wuryani, hivi uliziangalia hizi?"

"Niliziangalia, Pak."

"Tano. Tano. Tano. Hapa kuna nne, sijui ilipotea njia. Swali la saba: nitaanza kuuza kwa simu mwaka huu. Tano. Swali la kumi na tisa: sitauza kwa simu kamwe. Tano! Mtu yule yule, kalamu ile ile! Kompyuta itapima nini? Watu wote wakiwa na kimo kimoja, utasema nani mrefu?" Akavua miwani. "Niambie tu, sitakasirika. Ulijaza mwenyewe nyumbani?"

Wapo wanaosema Wuryani alilia pale ofisini. Hakulia. Masikio tu ndiyo yalimwaka moto.

"Sikujaza mimi, Pak."

"Basi sikiliza. Usajili wako unakwisha mwisho wa Julai. Usipotetea tasnifu kabla ya hapo, jina linafutwa na miaka mitatu imekwenda na maji. Liache hilo soko. Chukua takwimu za makampuni, ziko tayari kwenye mtandao, andika upesi umalize. Tumeelewana?"

"Inggih, Pak."

"Jumatatu uniletee mada mpya."

"Inggih."

Akashuka ngazi, akafika kwenye pikipiki yake. Helmeti iko kichwani, mkono uko kwenye kamba ya kidevuni, akaganda. Mada mpya? Hakuwa na nia ya kubadili mada, si Jumatatu wala siku nyingine yoyote. Mbona basi alisema inggih, na mara mbili?

Kwa sababu yeye ni Mjava, na mkubwa wake haambiwi hapana usoni. Inggih ni ndiyo ya heshima. Maana yake nimekusikia, sitaki tukosane, tuagane salama. Kutenda ni habari nyingine. Na wale wanawake mia na ishirini, walipomwona mtu mwenye kalamu na karatasi za chuo kikuu, walimjibu nini kama si inggih, kuanzia swali la kwanza mpaka la ishirini na nne?

Akaanza kucheka peke yake.

"Bu, umepata maksi nzuri?" mlinzi wa maegesho akamuuliza.

"Nimepata kosa langu, Pak."

"Hongera basi!"

Kesho yake, Jumamosi, akaenda sokoni kwa Bu Tukinem, muuza kanga za batiki.

"Wewe tena? Si nilishakubali yote?"

"Ulikubali, Bu, nashukuru. Leo sikuulizi habari zako. Nauliza za huyo wa mbele, Bu Sumirah. Unadhani yeye anaweza kuuza kwa simu?"

Bu Tukinem akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akavuta kigoda karibu.

"Huyo? Thubutu! Huyo anauza kwa mdomo. Akiona mnunuzi anasitasita, anamsifia ngozi. Sasa simu itasifia ngozi ya nani? Halafu kuna picha, mwanangu. Ukitundika picha ya mtindo mpya leo, keshokutwa kila kibanda kinao. Mtu ameumiza kichwa mwezi mzima, jirani anaiba kwa kidole kimoja."

"Kwa hiyo Bu Sumirah anaogopa kuibiwa mitindo?"

"Sana! Hata mimi... yaani yeye. Andika yeye."

Wuryani akaandika yeye. Kisha akavuka njia kwa Bu Sumirah, akauliza habari za Bu Tukinem.

"Tukinem? Mitindo yake anaikalia! Mwambie ainuke pale uone!"

Mpaka soko linafungwa alikuwa amezungumza na watu kumi na mmoja, na hakuna waliofanana majibu. Jumatatu akaingia kwa Pak Handoyo.

"Pak, naomba radhi. Ijumaa nilikujibu inggih, lakini sikukubali. Soko siliachi." Akaweka karatasi kumi na moja mezani. "Na wauzaji mwanzoni walinijibu hivyo hivyo. Nilipowauliza habari za jirani, wakasema haya."

Pak Handoyo alisoma zote. Mwisho akasema, "Nimefundisha miaka ishirini na miwili, Bu. Sasa najiuliza ni wangapi walionikubalia namna hiyo."

"Wengi, Pak."

"Wewe nawe! Haya, nenda. Lakini kila muuzaji aelezwe na majirani watatu, si mmoja. Mmoja anaweza kuwa na kinyongo."

Wuryani akaanza upya vibanda vyote mia na ishirini. Saa ya chakula alikula akitembea, wali kwenye jani la mgomba mkono huu, kalamu mkono ule. Safari hii namba zilitoka moja, nne, mbili, tano, na kompyuta ikapata cha kupima. Simu haikuwaogopesha kabisa. Waliogopana wao kwa wao.

Alitetea tarehe ishirini na nane Julai. Mtahini kutoka chuo kingine, mama mkali wa midomo myembamba, akafunga tasnifu kwa kishindo.

"Bu Wuryani, huu si umbea?"

"Ni umbea, Bu. Lakini umepimwa. Ukurasa wa arobaini na tatu."

Yule mama akafungua ukurasa wa arobaini na tatu. Akasoma kwa muda mrefu, akauliza maswali mengine manne, na yote Wuryani aliyajibu akimtazama usoni. Wakamtoa nje, wakamwita tena.

Amefaulu. Arekebishe majedwali mawili na orodha ya marejeo, alete kabla usajili haujafungwa.

Wenzake walikuwa wakimsubiri koridoni na maua. Akawaomba wampishe kidogo kwenye benchi, akatoa kalamu, akafungua jedwali la kwanza. Zilibaki siku tatu, naye hakutaka kuzimaliza zote.