Latif, Rekodi na Salamu za Wazee

Asubuhi Janvier alinipigia simu akilia: “Kaka, Latif ametutoka. Moyo umesimama tukiwa mazoezini.” Nikasema Inna lillahi, nikakaa chini.

Mdogo wangu Latif alikuwa na mbio kuliko mtu yeyote hapa Gisenyi, na alitaka kitu kimoja tu: kuvunja rekodi ya wilaya ya nusu marathoni, iliyoshikwa na rafiki yake Janvier. Mwaka jana aliongoza mpaka karibu na msikiti, wazee wakamtolea salamu. Akasimama, akampa kila mmoja mkono. Janvier akampita.

“Mi nilikuwa nakimbia, we ulikuwa unatembelea jamaa!” Janvier alimcheka.

“Bon, salamu ni ya Mungu. Ningeiachaje?” Latif akajibu. “Tena yule mzee alikuwa hajamaliza habari za mbuzi wake!”

Mwaka huu aliwaomba wazee wakae ndani siku ya mbio. Wakakubali. Mungu akamwita kabla, na rekodi ikabaki kwa Janvier.

Tulimswalia baada ya adhuhuri. Janvier, ambaye ni Mkristo, alisubiri nje, kisha akabeba jeneza pamoja nasi. Tukamzika, tukaomba dua, tukarudi nyumbani.