Pakiti Zilizodumaa za Ghorofa ya Tatu

Ofisini walimwita Bi Kebo, kwa sababu haikupita siku bila kuonekana na waya wa mtandao shingoni, kama daktari na kipimo chake. Alikuwa fundi mtandao pekee katika jengo la ghorofa tatu. Miaka kumi na tisa alikuwa akitambaa chini ya meza za wakubwa, na soksi zilizotoboka alizijua zote na wenyewe.

Mwezi ule mtandao wa ghorofa ya tatu, wanakokaa wakubwa, ulianza kujikokota. Ujumbe mfupi ulipita. Barua yenye kiambatisho ilikwama nusu saa nzima. Ghorofa za chini zilikuwa shwari, na Mkurugenzi akaona ushahidi ndio huo.

"Wa chini wanatuibia kasi," alisema kikaoni. "Wanaangalia mpira!"

Ikaundwa kamati ya watu saba. Watu wa masijala, ghorofa ya chini, wakafungiwa mtandao, wakabaki wanatazamana. Huko juu mambo yakabaki vilevile.

Bi Kebo hakutiwa kwenye kamati. Yeye ni fundi tu. Akaingia chumba cha mitambo na kufungua takwimu za swichi kuu, mashine inayogawa mawasiliano kwa kila ghorofa. Data husafiri kwa vifurushi viitwavyo pakiti, na pakiti halali haipungui baiti sitini na nne. Kwenye tundu la ghorofa ya tatu zilikuwa zikiingia pakiti zilizodumaa, vipande vitupu, maelfu kwa maelfu, na hesabu inapanda huku anaitazama. Akabadilisha kebo. Hesabu ikapanda. Ndipo akalinganisha mipangilio ya pande mbili za kebo, swichi kuu na swichi ndogo ya huko juu.

Swichi kuu ilikuwa imelazimishwa kwa mkono iseme na kusikiliza kwa wakati mmoja. Swichi ya juu, iliyoachwa ijiamulie, ilikuwa inapokezana: ikisikia mwenzake anaongea, inajikatiza katikati ya neno, na vipande hivyo ndivyo vilivyokuwa vikihesabiwa. Aliyelazimisha alikuwa ameacha jina lake kwenye kumbukumbu, na tarehe. Alikuwa mshauri aliyeletwa kuongeza kasi ya mtandao, shemeji yake Mkurugenzi.

Bi Kebo akapanda ngazi taratibu, akitafuta maneno.

"Mheshimiwa, kuna mpangilio mmoja haukukaa sawa. Nikiurudisha, dakika moja tu, tumemaliza."

"Nani aliuweka?"

"Mshauri."

Mkurugenzi akavua miwani. "Shemeji amesomea mambo hayo, mama. Mpangilio wake haugusiki bila kibali. Nitumie fomu."

"Nimekuletea hii hapa, nimeichapisha."

"Karatasi? Si nilitangaza ofisi hii haitumii karatasi? Nitumie kwa mtandao."

Akaituma. Ilikuwa na viambatisho vitatu. Siku ya tatu fomu ilikuwa bado inazunguka kwenye kioo cha kompyuta ya Mkurugenzi, na yeye anamlaumu Bi Kebo kwa uzembe.

Katibu muhtasi, aliyekuwa akiyasikia yote kutoka mezani kwake, akamvuta pembeni. "Dada, kubadilisha mipangilio kunataka kibali. Kufuta vumbi je?"

"Vumbi halina fomu."

"Basi nenda kafute vumbi."

Bi Kebo akachukua kitambaa. Alifuta vumbi kwelikweli, rafu zote mbili za chumba cha mitambo, kisha akaketi na kuandika mstari mmoja wa amri, swichi zote mbili zikaachwa zikubaliane zenyewe. Hesabu ya pakiti zilizodumaa ikasimama. Alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa.

Kesho yake kamati ikatoa taarifa: mtandao umepona kwa sababu masijala walifungiwa, hivyo wafungiwe moja kwa moja.

Hapo ndipo Bi Kebo alipopandwa na hasira. Kudharauliwa yeye alikuwa amezoea. Lakini mkuu wa masijala, mama wa makamo asiyejua hata mpira una wachezaji wangapi, alikuwa amelia mbele ya wafanyakazi wake. Bi Kebo akapiga picha za takwimu, tarehe, saa na jina kwenye kumbukumbu, akaziambatisha, akawatumia watumishi wote. Huko ghorofa ya tatu picha zilifunguka papo hapo. Katibu muhtasi alimsikia Mkurugenzi akikohoa ndani ya ofisi, kisha mlango ukafungwa.

Jioni hiyohiyo masijala wakafunguliwa, bila maelezo. Shemeji aliongezwa kwenye kamati, awe mtu wa nane. Na Bi Kebo, aliyeulizwa aligusa nini akajibu alifuta vumbi tu, akapewa barua ya onyo kwa kufuta vumbi bila idhini ya maandishi.

Alimsomea mumewe barua hiyo nyumbani, neno kwa neno, amesimama katikati ya sebule. Mume akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa utawajibu nini?"

"Nimeshajibu. Nimeomba kibali cha ufagio."