Mguu wa Mama Kwenye Tangazo

Wanafunzi wa darasa la tano walimwita mwalimu wao Mwalimu Vibonzo, maana hakufundisha kitu bila kukichora. Kila Ijumaa aliwagawia picha, wazipange mezani ziwe hadithi, kisha wazipange upya ziwe hadithi nyingine. Halafu aliwauliza nani kapiga picha hii, na anataka tuamini nini.

Ijumaa moja walileta matangazo kutoka nyumbani. Msichana mmoja alileta la dawa ya vidonda: kushoto mguu umeoza, usaha unachuruzika, kulia mguu huohuo, mzima, unang'aa. Mwalimu alilipokea, akaona kovu kisiginoni. Kovu lile alilijua. Ulikuwa mguu wa mama yake, ambaye asubuhi hiyo hiyo alimwacha kitandani, hawezi hata kukanyaga chini.

Hakuwaambia. Alibandika tangazo ubaoni, akawaacha walichunguze. Walibishana wee, hadi yule msichana akaiona kalenda ukutani, nyuma ya mguu. Kwenye picha ya mguu mzima ilikuwa Machi. Kwenye ya kidonda, Agosti, mwaka uleule.

“Mwalimu,” alisema, “huyu kapona kabla hajaugua.”

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alitoka nje, akatema mate.

Jioni alimuuliza mama. Mama alisema picha zote mbili alipiga kaka yake Mwalimu: ya Machi akijaribu kamera, ya kidonda akidai ni ya kumpelekea daktari. Mwalimu hakukaa. Alimkuta kaka yake dukani akibandika lebo kwenye makopo ya dawa ile, vidole vinanata mafuta. Kaka hakuona haya. Alisema mama hakukataa, na isitoshe uso haukuonekana.

“Ulimfungua bandeji,” Mwalimu alimwambia. “Ukamsikia anaguna kwa maumivu, nawe unatafuta mwanga mzuri.”

Kaka akamnyooshea kopo moja ampelekee mama. Mwalimu aliliacha mkononi mwake, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu aliwasimulia watoto, nao wakachora kisa chote kwa picha sita, bila jina la mtu, wakazibandika kwenye uzio wa zahanati. Watu walisimama kusoma. Wengine walisonya. Wawili waliuliza dawa hiyo inauzwa wapi.

Kaka bado huja kumjulia mama hali. Mwalimu humtengea kiti na kumpa chai, kwa kuwa mama anataka hivyo. Mkono hampi.