Neno Lililoifuta Kadi

Waliomuua mume wangu ni wawili: dereva wa lile lori la kenta lililobeba chumvi, aliyekuwa anasinzia huku ameshika usukani, na tajiri wake, aliyempa gari lenye matairi yaliyolika hadi nyuzi zinaonekana. Hao wanajulikana, hata kama wanatembea huru. Ninaotaka kuwasema hapa ni wengine, watatu, waliomfuta akiwa ameshakufa.

Tulikuwa tunatoka Somanga, harusini kwa mtoto wa dada yake. Basi likatupita, tukapanda kenta ili tuwahi kurudi Mingoyo. Kenta ilipopata ajali, mimi nilitolewa chini ya magunia nikiwa hai. Wakati wanamzika nilikuwa hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba. Uso wake sikuuona tena. Nilisimuliwa tu kwamba mvua ilinyesha na watu walikuwa wengi.

Kwa hiyo ikabaki ile video ya harusi. Yeye ndiye mjomba wa bibi harusi, na wajomba hupewa maiki.

Arobaini ilipopita, mpiga video akaniletea memori kadi nyumbani. Akanifungulia kidogo kwenye kompyuta yake. Nikamuona mume wangu, kanzu niliyompigia pasi mwenyewe, maiki ameishika kama muhogo wa kuchoma, anasema, "Mimi si mtu wa maneno." Watu wakaangua kicheko, maana wanajua ataongea hadi pilau ipoe. Nikamwambia mpiga video, zima. Sikutaka kumtazama mbele ya mtu baki. Nilitaka nifunge mlango, nimtazame peke yangu, nilie ninavyotaka.

Nikamuonyesha kidude changu cha kuchezea video. Kioo chake ni kama kiganja. Marehemu alikinunua duka la Wahindi Lindi mjini, tukawa tunatazamia mawaidha na taarabu.

"Humu itacheza?"

"Itacheza tu, mama. Video ni video."

Huyo wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kunipa kitu kinachofunguka, na kidude alikiona kwa macho yake. Akaenda zake, na kwake akaifuta ile harusi ili kamera ipate nafasi ya harusi nyingine.

Nikafunga mlango, nikatia kadi. Kioo kikawaka, yakatokea maandishi ya Kiingereza, kikazima. Nikarudia hadi kidole kikauma. Mimi shule niliishia darasa la nne, Kiingereza nakijua cha kwenye paketi ya sabuni. Nikamwita shemeji, mdogo wake marehemu. Yeye ana kidato cha nne na hachoki kukitaja.

Akakisogeza kioo kwenye dirisha, akakunja uso kama daktari.

"Inasema fomati."

"Ndiyo nini?"

"Fomati, shemeji. Fomati yake haikubali."

"Sasa inatibiwaje?"

"Kitu kidogo hicho. Nenda pale njia panda kwa yule anayerusha nyimbo. Mwambie fomati. Neno moja tu, atakuelewa."

"Si twende wote?"

"Neno moja nalo unataka kusindikizwa? Kwani unaenda kuposa?"

Akacheka, na mimi nikacheka, ndivyo tulivyokuwa tunataniana. Huyo wa pili. Alisoma nusu ya alichokiona, na nusu nyingine akajaza kwa kujiamini.

Nikaenda na mkongojo, nalitamka lile neno njia nzima kama jina la dawa, nisije nikalisahau. Fomati. Fomati.

Kwenye kile kibanda alikuwepo mwanaume mtu mzima, ndevu zake, macho yake kwenye mpira. Watu wanamletea kadi awarushie singeli na filamu zilizotafsiriwa. Nikampa yangu.

"Shikamoo, mama. Tufanye nini?"

"Marahaba. Fomati."

"Nifomati?"

"Ndiyo. Fomati."

Hakuniuliza ndani mna nini. Akabonyeza, akarudi kwenye mpira wake, akabonyeza tena. Alipoona nimeegemea mkongojo akanionea huruma. "Nakutilia na taarabu, mama, ofa yangu. Upate kujiliwaza." Nikamshukuru. Nilimwombea dua kabisa, mtu yule.

Nyumbani nikafunga mlango tena, nikajitanda kanga kama naingia kwa mtu. Nikabonyeza. Mwanamke akaanza kuimba. Nikasogeza mbele, mwanamke mwingine. Nikasogeza tena. Wanawake watupu, wamekaa kwenye makochi, wanapepewa.

Nilirudi njia panda siku ile ile, sijui nilifikaje. Fundi akaitoa kadi, akaitazama, halafu akapunguza sauti ya televisheni.

"Mlikuwa na kitu humu?"

"Mume wangu yumo humo."

Waliokuwa wanatazama mpira wakageuka. Nikamweleza, kidude kilikataa kufungua, nikaambiwa niseme fomati.

"Mama, ungesema kukonveti. Kukonveti ni kuibadilisha video ikubaliane na kidude chako. Kazi ya dakika chache tu. Kufomati ni kufuta."

"Neno si hilo hilo moja?"

"Kwenye kioo linasomeka hivyo, kwamba video yenyewe ndiyo fomati yake haifai. Lakini mtu akija hapa akasema fomati, anataka kadi isafishwe. Kila siku wanakuja, kadi zina virusi."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Huyo wa tatu. Alijaribu kurudisha, sisemi hakujaribu. Yakatoka mafaili yenye majina ya tarakimu, hata moja halikufunguka. Akaniambia zile nyimbo za ofa ndizo zilizomlalia juu. Angeacha kadi tupu labda angempata. Na mtu huyo nilikuwa nimemwombea dua.

Nilikwenda hadi kwa mpiga video. Akafungua mikono, akasema hata yeye hana.

Shemeji nilimwambia mbele ya dada zake, pale uani, kwamba amemzika kaka yake mara ya pili. Alisema kioo kiliandika fomati, yeye hakutunga. Tangu siku hiyo utani ukaisha. Anakuja bado, kwa sababu ya mguu wangu, analeta kuni na maji, anatua mlangoni. Simkaribishi ndani.

Juzijuzi nilikuwa ndani nachambua mchele, akapiga hodi. Mkono ukanisimama kwenye ungo. Sauti ile inakwaruza mwanzoni, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, halafu inafunguka. Miaka yote nilikuwa nazisikia sauti zote mbili nyumba moja, yake na ya kaka yake, sikuwahi kuzilinganisha.

"Shemeji, upo?"

Nilikuwepo. Nikakaa kimya.

"Shemeji. Hodi. Nimeleta maji."

Sasa kila akija ni hivyo. Anaita, anangoja, anaita tena. Majirani wanasema namchelewesha mlangoni kwa kinyongo. Kinyongo ninacho, sikatai. Lakini nikimfungulia ananyamaza.